Mtu Asiyeweza Kutia Saini: Hotuba Juu ya Maisha ya Howard Hughes

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa chuo, mafundi wenzangu mliostaafu na mlio kazini, na ninyi vijana ambao mwakani mtaanza kukabidhiwa spana na kuambiwa kwamba abiria wanasubiri: nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kuniachia mada niichague mwenyewe.

Nimemchagua Howard Hughes wa Marekani. Wengi wenu mmemsikia kwa sura mbili: kijana tajiri wa sinema aliyevunja rekodi za urubani, na mzee wa kucha ndefu aliyejifungia hotelini kwa kuogopa vijidudu. Sura zote mbili ni za kweli, ila husimuliwa kana kwamba ni za watu wawili, mmoja akaondoka na mwingine akaingia. Mimi nimekaa karakanani zaidi ya miaka 30, na kila ninaposoma habari zake namwona mtu yuleyule tangu mwanzo hadi mwisho. Kila kazi ya ndege huishia kwenye ukurasa ambao chini yake pana mstari mtupu. Unapotia saini pale husemi kwamba ndege haina dosari yoyote duniani. Unasema kwamba umeikagua inavyotakiwa, kwamba inafaa kuruka, na kwamba sasa unaiachia iende. Hughes alikuwa hodari wa hatua zote za kazi isipokuwa hiyo ya kuachia.

Alizaliwa Texas mwaka 1905, mtoto pekee. Baba yake, aliyeitwa pia Howard, alikuwa mhangaikaji wa visima vya mafuta ambaye, pamoja na mshirika wake Walter Sharp, alitengeneza kichwa cha kekee chenye koni mbili za meno zinazozunguka na kuusaga mwamba mgumu badala ya kuukwaruza. Hataza yake ilitolewa mwaka 1909. Ujanja wa mzee ulikuwa katika biashara: hakuviuza vichwa hivyo, alivikodisha, kwa hiyo kila aliyechimba mafuta kwenye mwamba mgumu alilipa, kisha akalipa tena. Vizazi vya kifaa hicho bado viko kazini, na hata wachimbaji wa visima vya mvuke wa ardhini kule Olkaria wanawajua wajukuu zake. Fedha yote mtakayoisikia hapa, ya sinema na ya ndege, chimbuko lake ni hicho kichwa cha kekee, ambacho Hughes mwenyewe hakukibuni wala hakupenda kukishughulikia.

Mama yake, Allene, alikuwa mtu wa hofu. Alimkagua mtoto kila siku asije akawa ameambukizwa ugonjwa, na palipotokea fununu ya polio alimtenga na wenzake. Alifariki mwaka 1922, na baba akafuata mwaka 1924, ghafla, kwa moyo. Kijana alikuwa na miaka 18. Wakati jamaa wakijadiliana nani amlee na nani asimamie mali, yeye alinunua hisa zao katika kampuni, kisha akaiomba mahakama imtambue kuwa mtu mzima kabla ya umri, na mahakama ikakubali. Mwaka 1925 alioa, akahamia Los Angeles, akamwajiri mhasibu aitwaye Noah Dietrich kumwendeshea mambo, naye akaingia kwenye sinema.

Filamu yake ya kwanza ilikuwa mbovu kiasi kwamba hakuitoa. Nyingine, vichekesho vya mwaka 1927, ilimpatia mwongozaji wake, Lewis Milestone, tuzo katika sherehe ya kwanza kabisa ya Oscar. Lakini inayotuhusu sisi ni ile ya marubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Hell's Angels, ambayo alianza kuipiga mwaka 1927 na kuionyesha mwaka 1930. Miaka mitatu! Alinunua na kukodi ndege za vita halisi, akakusanya marubani kwa makumi, kisha akawaweka chini wasubiri mawingu. Alikuwa ameng'amua, na alikuwa sahihi, kwamba ndege ikipigwa picha kwenye anga tupu haionekani ikienda kasi, kwa sababu jicho halina cha kulinganishia. Kwa hiyo kikosi kizima kililipwa kukaa hadi mawingu yaje, na yalipokawia alikihamishia Oakland kuyafuata. Wakati mmoja marubani walikataa kupiga mbizi aliyoitaka wakisema ndege haitainuka. Aliingia mwenyewe, na ndege haikuinuka, akaanguka na kuumia usoni. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Watu kadhaa walikufa katika utengenezaji wa filamu ile. Ilipokuwa karibu kumalizika, sinema zikaanza kusema, naye akaamua kuirudia upya kwa sauti. Mwigizaji wake wa kike alikuwa na lafudhi ya Norway isiyofaa, akamwondoa na kumweka msichana asiyejulikana, Jean Harlow.

Nimewahi kuitazama filamu hiyo pamoja na mafundi vijana. Sehemu za mapenzi waliguna. Sehemu za angani hakuna aliyepumua. Kwa hiyo msinielewe vibaya: ung'ang'anizi wake ulizaa kitu. Swali ni kitu gani, na kwa bei ya nani.

Kazi yake safi kuliko zote, kwa jicho langu, ni ndege ndogo ya mashindano iitwayo H-1. Aliijenga na watu wachache, mhandisi Richard Palmer na fundi Glenn Odekirk wakiwa mbele, na hapa ule upekuzi wake ulikuwa mahali pake. Magurudumu yalikunjwa na kuingia ndani bila kuacha ufa wa maana. Ribiti, yaani misumari ya kuunganishia bati, zililazwa zikawa sawa na bati, vichwa vyake vikasuguliwa mpaka kidole hakikujua pa kusimama. Tarehe 13 Septemba 1935, karibu na Santa Ana, California, aliirusha kwa mwendo wa kilomita 567 kwa saa, rekodi mpya ya dunia kwa ndege za nchi kavu, na akaendelea kurudia mizunguko hadi mafuta yakaisha, akaitua kwa tumbo kwenye shamba la viazi sukari. Mwaka 1937, baada ya kuibadilishia mabawa, alivuka nayo Marekani kutoka Los Angeles hadi Newark kwa saa 7 na dakika 28.

Mwaka uliofuata alizunguka dunia, akipita upande wa kaskazini. Aliondoka New York tarehe 10 Julai 1938 akiwa na wenzake wanne katika ndege ya Lockheed yenye injini mbili, akapitia Paris, Moscow, Omsk, Yakutsk, Fairbanks na Minneapolis, na kurudi New York baada ya siku 3, saa 19 na dakika 17. Rekodi iliyokuwapo, ya Wiley Post, ilikuwa ya zaidi ya siku 7. Vijana hupenda kusikia kwamba alifanya hivyo kwa ujasiri. Hapana, alifanya hivyo kwa maandalizi: redio za kutosha, hali ya hewa iliyofuatiliwa, mafuta yaliyotangulizwa, na watu wanne ambao kila mmoja alijua kazi yake. Tena ndege ile ilikuwa imepewa jina la maonyesho makubwa yaliyokuwa yakiandaliwa New York, watu wa jiji wakiingoja, na nadhani hiyo ndiyo siri. Tarehe haikuwa yake peke yake. Palikuwa na watu waliosimama uwanjani, na safari ile ilimalizika.

Ikaja vita, na mambo yakageuka. Mwaka 1942 nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za Marekani kila kukicha, na mjenzi wa meli Henry Kaiser akatoa wazo la kujenga meli zinazoruka. Alimtafuta Hughes. Serikali ikatoa dola milioni 18, kwa sharti kwamba metali zinazohitajika vitani zisiguswe, na kwa hiyo ndege ikajengwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, nyingi zikiwa za mti uitwao betula. Waandishi waliikejeli kwa kuiita Spruce Goose, bata bukini wa mti mwingine kabisa, jina ambalo Hughes alilichukia hadi kufa. Jina lake halisi ni Hercules. Injini 8. Mabawa yenye mita 97 na nusu kutoka ncha hadi ncha, upana ambao haukupitwa na ndege yoyote iliyoruka hadi mwaka 2019. Ilikusudiwa kubeba askari 750.

Kaiser, mtu aliyezoea kushusha meli majini kwa majuma machache, alijitoa. Hughes alibaki na mbao zake, akikagua gundi, akirudisha michoro, akipotea majuma bila kuonekana, kisha akirudi usiku wa manane kuuliza habari za kipande kimoja cha mkono wa usukani. Vita vikaisha mwaka 1945, ndege ikiwa bado vipande. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa ndege yake ya kupiga picha za kijeshi, XF-11: jeshi liliagiza 100, na amani ilipofika agizo likapunguzwa kuwa 2.

Hiyo XF-11 ndiyo iliyommaliza. Tarehe 7 Julai 1946 aliirusha mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kila injini ilikuwa na rafadha mbili, yaani seti mbili za mapanga, zilizozunguka kinyume, na ile ya nyuma upande wa kulia ilivuja mafuta, pembe ya mapanga yake ikageuka, ikaanza kuivuta ndege nyuma. Alikaa angani muda mrefu kupita aliopangiwa, akitafuta kasoro badala ya kutua, kisha akaanguka juu ya nyumba za Beverly Hills. Sajini wa jeshi aitwaye William Durkin alimtoa motoni. Kifua kilivunjika, mapafu yaliumia, ngozi iliungua, na madaktari wakampa mofini, kisha kodeini, ambayo hakuiacha tena. Aliotesha masharubu kuficha kovu. Akiwa amelala pale hospitali aliona kitanda hakifai, akawaita wahandisi wake wamtengenezee kingine. Yafaa mjue, miezi tisa baadaye aliipanda XF-11 ya pili na kuirusha salama.

Mwaka 1947 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti kueleza zilikokwenda fedha za umma. Seneta Owen Brewster alidhani atamkuta mgonjwa. Alikuta mtu aliyemrudishia tuhuma, akidai kwamba Seneta huyo alimwahidi kuufuta uchunguzi iwapo shirika la ndege la Hughes, TWA, lingekubali kuunganishwa na shirika la Pan American. Na juu ya Hercules alisema hadharani kwamba iwapo itashindwa huenda akaihama nchi asirudi.

Tarehe 2 Novemba 1947, katika bandari ya Long Beach, aliwaambia waandishi kwamba ni majaribio ya mwendo juu ya maji tu. Alikwenda mara moja, akaenda mara ya pili, baadhi ya waandishi wakashuka kwenda kupeleka habari. Mara ya tatu Hercules ikaacha maji. Ilipanda kama mita 21, ikaenda kiasi cha kilomita moja na nusu, ikatua. Haikuruka tena. Hebu lifikirieni hilo kama mafundi. Mtu ametumia miaka mitano na mamilioni ya serikali na yake mwenyewe, ndege imeonyesha kwamba inainuka, na kinachofuata ni kuifungia katika banda lenye hewa iliyodhibitiwa, na mafundi wa kuitunza kila siku kana kwamba itaitwa kesho asubuhi, hadi alipofariki mwaka 1976. Leo iko makumbusho, McMinnville, Oregon. Hakuitangaza kuwa imekamilika, wala hakukubali kwamba imeshindikana.

Waislamu wenzangu hapa wanalijua neno wasiwasi katika maana yake ya zamani. Kila msikiti umewahi kuwa na mtu wa namna hiyo: anatawadha, anahisi kiwiko hakikupata maji, anarudia, anarudia tena, swala inamalizika yeye bado yuko birikani. Hatumcheki, tunamwombea, kwa sababu tunajua kwamba hakukosa imani wala akili, amekosa uwezo wa kusema "imetosha." Madaktari waliochunguza habari za Hughes baada ya kifo chake walitaja ugonjwa wa akili wa jinsi hiyo, ukichanganyika na maumivu ya ajali na dawa. Nao uziwi ulimzidishia upweke, maana masikio yake yalikuwa mabovu tangu ujana na alikataa kuvaa kifaa cha kusikilizia. Aliandika maagizo, hatua kwa hatua, ya namna ya kufungua kopo la matunda: kuosha, kusugua, kukausha, kwa karatasi laini ngapi. Nimeyasoma maagizo hayo nikashtuka, kwa sababu mtindo wake ni wa mwongozo wa matengenezo ya ndege. Ni mkono uleule uliolaza ribiti za H-1.

TWA ilimponyoka kwa njia hiyohiyo. Alianza kununua hisa zake mwaka 1939, akaisukuma Lockheed hadi ikatokea Constellation, mojawapo ya ndege nzuri zaidi kuwahi kuwa na injini za pistoni. Zilipokuja ndege za jeti aliagiza nyingi, akachelewesha fedha, akabadili mawazo, na mwishoni mwa 1960 wakopeshaji wakamlazimisha kuukabidhi uongozi wa hisa zake kwa wengine. Mwaka 1966 aliziuza kwa dola milioni 546 na nusu. Alipata fedha nyingi kuliko alizowahi kushika mara moja, na hakuwa tena na shirika la ndege. Kuhusu studio ya sinema ya RKO, aliyoinunua mwaka 1948 na kuiuza mwaka 1955, sina la kusema ila kwamba aliikuta hai.

Mwishoni mwa mwaka huo wa 1966 aliingia Las Vegas usiku kwa treni, akapanda hadi ghorofa za juu za hoteli ya Desert Inn. Wenye hoteli walipotaka aondoke ili wacheza kamari wakubwa wapate vyumba, aliinunua hoteli. Akanunua na nyingine, na kasino, na hata kituo cha televisheni cha hapo, ambacho baada ya kuwa chake kikawa kinaonyesha filamu usiku kucha, kwa kuwa halali. Msimamizi wa mali hizo, Robert Maheu, alimtumikia miaka mingi bila kumwona uso kwa uso. Walizungumza kwa simu na kwa karatasi. Sitaficha kwamba katika karatasi hizo yapo maneno yake ya chuki dhidi ya watu weusi. Ninayasema kwa sababu tunamsomea habari zake hapa, Afrika, na si vizuri tumpambe.

Mwaka 1970 aliondoka, akaanza kuhamahama kutoka hoteli hadi hoteli, Bahamas, Nicaragua, Vancouver, London, madirisha yamezibwa, wasaidizi wakimbeba. Alikuwa Managua tetemeko la ardhi lilipoubomoa mji ule Desemba 1972. Kutoonekana kwake kulifika mahali ambapo mwandishi mmoja, Clifford Irving, aliuza maisha ya kubuni akidai kwamba Hughes mwenyewe ndiye aliyemsimulia, naye tajiri ikambidi azungumze kwa simu na waandishi saba, Januari 1972, kuthibitisha kwamba yupo na kwamba hamjui mtu huyo.

Tarehe 5 Aprili 1976 alifariki angani, ndani ya ndege iliyokuwa ikimtoa Acapulco kumpeleka hospitali Houston. Figo zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Mtu wa futi 6 na inchi 4 alikuwa na uzito wa kama kilo 42, na picha za eksirei zilionyesha vipande vya sindano vilivyovunjikia mikononi. Hakuna aliyekuwa na hakika kwa kumtazama. Ilibidi alama za vidole zipelekwe kulinganishwa.

Sasa nije kwenye kampuni yake ya Hughes Aircraft, ambayo kwa muda mrefu aliisahau, na labda ndiyo maana ilistawi. Katika maabara zake kule Malibu, mwaka 1960, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani. Ni hiyo iliyojenga Surveyor, chombo cha kwanza cha Marekani kutua polepole mwezini, mwaka 1966. Na ni hiyo iliyojenga setilaiti ya Syncom 2, ambayo Agosti 1963 ilipitisha mazungumzo ya simu kati ya Rais Kennedy akiwa Washington na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, sauti ikipokelewa na meli iliyotia nanga bandari ya Lagos. Wahandisi wale walikuwa na tarehe, na walikuwa na mtu wa kutia saini ambaye hakuwa Hughes.

Hisa zote za kampuni hiyo alikuwa amezikabidhi, mwaka 1953, kwa taasisi ya utafiti wa tiba iliyobeba jina lake. Wakosoaji walisema ni hila ya kukwepa kodi, na sioni sababu ya kuwapinga. Lakini taasisi ile alijiweka yeye peke yake kuwa mdhamini, na hakumtaja wa kumrithi. Wala hakuacha wosia. Watu walipekua masanduku, ofisi na hoteli, zikajitokeza karatasi kadhaa za kughushi, mojawapo ikimpa fungu mwendesha kituo cha petroli, na mahakama ya Nevada ikaikataa mwaka 1978. Mtu aliyeandika namna ya kufungua kopo hakuwa ameandika nani achukue mali yake kwa namna ambayo sheria ingeikubali. Binamu na jamaa wa mbali waligawana kilichobaki. Ilifika mwaka 1984 ndipo mahakama ya Delaware ikateua wadhamini wa taasisi, na mwaka uliofuata hao wakaiuzia General Motors kampuni ya ndege kwa dola zaidi ya bilioni 5. Fedha hiyo ndiyo inayowalipa hadi leo wanasayansi wanaochunguza magonjwa, baadhi yao wakiwa wamepata tuzo ya Nobel.

Nimeambiwa nina dakika kumi za maswali. Kuna kijana pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja rafadha ya XF-11. Nadhani anataka kujua kwa nini hakuizima injini ya kulia. Simama, mwanangu, uliza, maana hata mimi jambo hilo limenisumbua miaka mingi.